Kwa Daktari Aliyetupima Mapigo Kabla ya Pazia

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuaga bila kuaga, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kiti chako kipo pale pale. Paka amekirithi bila kumwomba mtu ruhusa.

Katika wodi ya watoto walikuita Dokta Sindano, ingawa mtoto aliyekumbuka kuchomwa nawe hakuwapo. Ulikuwa unamwanzishia kisa cha kinyozi mwenye upara aliyekwenda kuposa. Kinyozi akifika mlangoni kwa wakwe, sindano imeshaingia na kutoka.

"Wakwe walisemaje?" mtoto anauliza.

"Njoo kesho kwa sindano ya pili, nikumalizie."

Kesho yake alirudi akimvuta mama yake mkono.

Vichekesho hivyo ndivyo vilivyokutoa wodini vikakupandisha jukwaani. Bibi, mama yako, alipokuona mara ya kwanza ukiwavunja watu mbavu, alisema, "Nimesomesha daktari, nimevuna kinyago." Lakini hakukosa onyesho hata moja, na leso yake ililowa kabla ya za wengine.

Baadaye ukawa mwongozaji wa michezo ya kuigiza, na udaktari ukaingia nao ukumbini. Kabla ya pazia kufunguliwa ulimshika kila mwigizaji kifundo cha mkono, ukahesabu mapigo. Aliyetetemeka ulimwambia, "Moyo unakimbia. Vizuri, nenda." Aliyetulia tuli ulimtuma alizunguke jengo mbio. "Wewe umelala. Watu hawakuja kumtazama aliyelala."

Tangu tukuzike, Mama hakukanyaga ukumbi ule. Mazoezi ya mchezo wako wa mwisho yalibaki nusu, waigizaji wakaanza kutawanyika mmoja mmoja. Mwezi uliopita waliobaki wakaamua kuukamilisha na kuuonyesha. Mchezo ukiwashinda, kikundi kivunjwe. Siku ilipofika, walisimama nyuma ya pazia wameinyoosha mikono kwa mazoea tu, na wa kuishika hayupo. Hakuna aliyethubutu kutoka. Watazamaji wakaanza kupiga makofi yale ya kuchoka kungoja.

Ndipo Mama akaingia kwa mlango wa nyuma, mkoba kwapani. Akaanza na Kibogoyo, mchekeshaji mwenzako tangu ujanani.

"Shemeji, wewe nawe unajua kupima?"

"Nimeishi na daktari miaka yote hii, unadhani nilikuwa napika tu? Nyamaza nihesabu."

Kibogoyo akanyamaza, jambo ambalo hata wewe hukuliweza.

"Unakimbia," Mama akasema. "Nenda."

Akawapima wote. Alipomaliza, Kibogoyo akamshika yeye mkono. "Na moyo wako je, shemeji?" Akasikiliza. "Mbona huu unatushinda sote mbio?"

"Basi fungueni pazia."

Wakafungua. Watu walicheka pale ulipotaka wacheke, na mwishoni walikaa kimya, kimya kile ulichokuwa ukikitafuta.

Kikundi kipo, Baba. Siku za mazoezi Mama hutoka na mkoba wake, na juzi kitinda mimba wako, aliyejiunga na waigizaji, alitumwa kulizunguka jengo, tena mara mbili.

Unakumbukwa na mkeo, watoto wako, mama yako, dada zako, wakwe zako, wauguzi wa wodi ya watoto, na Kibogoyo pamoja na waigizaji wote. Unakumbukwa na wajukuu zako pia. Wanabishana kila siku kuhusu jibu la wakwe wa kinyozi, na kila mmoja anaapa kwamba wewe ulimwambia yeye lile la kweli.

Tutakukumbuka daima, Baba, maadamu moyo unakimbia.