Ndege Isiyopita Mlangoni

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Baba alichagua ndege ya rimoti yenye mabawa marefu, eti ndiyo hupaa kwa utulivu. Tumeiunda kitandani kwake, shuka zote gundi tupu. Mabawa yaliposhikana ndipo nikashtuka: haipiti mlangoni!

Baba akacheka. "Kwani mimi napita?"

Miguu imemkatalia kabisa, kaka.

Sasa kila jioni nashika rimoti. Rafadha, ile feni ya puani mwa ndege, inazunguka, pazia linapepea, chumba kama kinanyanyuka polepole. Baba anafumba macho.

"Tumefika kwa kaka yako?"

"Bado kidogo, Baba."

Daktari ameacha kutaja kupona. Njoo, kaka, kabla sijamwambia tumefika.

Mdogo wako,
rubani wa chumbani