Akina Mama 312 Wasiofika Masasi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mzee Gerson kaniita ofisini kwake kabla sijaweka begi chini. Ripoti ya mwezi iko mezani. Zahanati zetu zote zimeleta kumbukumbu za wajawazito kwenye seva ya hapa Masasi, isipokuwa ile ya Newala. Tangu tarehe 10 Februari, siku niliyowawekea programu mpya — sifuri. Hata mama mmoja.

Yeye ameshaamua. Anasema nesi wa kule, Mama Kelvin, hataki kompyuta, amezoea daftari lake. Barua ya onyo imeshachapwa.

Nimempigia Mama Kelvin. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini hasajili watu.

"Nani hasajili?" akasema. "Mwanangu Stamili, ninao hapa mbele yangu. Mia tatu na kumi na mbili." Akaanza kunisomea majina na wiki za mimba, mmoja mmoja.

Kwake wapo. Kwetu hawapo. Na mtandao ni mzima, nimeupima mara tatu.

Nimechoka, saumu ya pili leo. Nimemwambia kesho asubuhi azime mashine aiwashe upya. Mara nyingi inatosha.

Jumanne, 4 Machi

Namshukuru Mungu nimewahi kufika kazini.

Kabla sijampigia nikafungua taarifa ambazo mashine ya Newala huandika kila inapowaka. Mstari mmoja tu, katikati ya mamia: imeunganishwa na kanzidata ya majaribio.

Naandika nielewe mwenyewe. Sehemu ya programu inayosajili wajawazito haihifadhi kitu peke yake. Inamtegemea meneja, kipande kinachochukua taarifa na kuzipeleka kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa zote. Meneja huyo simtengenezi mimi. Programu ikiwaka, seva iliyo ndani ya mashine hiyo hiyo humchomeka mahali pake. Mimi nimeandika tu: nipe meneja. Sikusema yupi. Kwingine kote yupo mmoja, wa kanzidata halisi. Newala wapo wawili, kwa sababu nilisahau kufuta kwenye mashine yao faili la majaribio, lenye meneja wa kanzidata ya majaribio. Seva ikachukua wa kwanza iliyemkuta.

Na kanzidata ile ya majaribio haikai kwenye diski. Inakaa kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine. Ukizima, imekwisha. Tangu niiwashe siku ile haijazimwa.

Nikapiga simu. Ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena.

"Namalizia kumpima huyu mama mmoja ndo nizime," akasema.

"Usizime."

"Si ulisema—"

"Nilikosea, Mama Kelvin. Usizime. Mtu yeyote asiiguse."

Akauliza kumetokea nini. Nikamwambia nakuja; nikiwa huku naweza kusoma taarifa za mashine tu, kutoa kitu ndani yake siwezi.

Daftari waliliacha siku ile ile niliyowawekea programu — mimi ndiye niliyewashauri. Kadi za kliniki wanazo akina mama wenyewe, na wengi wako vijijini mbali. Mashine inaishi kwa betri za sola na leo ni siku ya nne ya mawingu.

Mzee Gerson kakubali nichukue gari. "Mpe na hii," akasema, akanipa bahasha. Ile barua. Nikaitia begini. Sikumwambia kosa ni langu. Sijui kwa nini sikusema.

Khalfan dereva kajitahidi, lakini tope! Kupanda kule juu tumekwama mara mbili, mara ya pili tukasukumwa na watu waliotoka kupalilia. Tumefika saa kumi na mbili jioni.

Mama Kelvin kaweka kiti mbele ya mashine, kakaa mwenyewe. Kazima friji la ofisini, feni na taa, betri ibaki ya kompyuta tu. Friji la chanjo kaliacha, lina sola yake. Tangu asubuhi anaandika wagonjwa kwenye karatasi na hakuna aliyemwelekeza.

Betri: asilimia kumi na nne.

Nikachomeka flashi, nikaiamuru kanzidata itoe kila kitu ilichonacho. Mstari kwenye skrini ukawa unasogea. Mama Kelvin kasimama nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Betri kumi na mbili. Kumi na moja. Ikamaliza. Nikahesabu kwenye flashi: 312. Nikanakili kwenye laptop yangu: 312. Nikahesabu tena.

Nikamwambia wapo wote. Akakaa chini kwenye benchi la wagonjwa, akasema, "Haya. Sasa tukafuturu." Yeye ni Mwanglikana.

Leo nalala kwake. Uji wa mtama, mihogo, chai. Sikumbuki lini nimefuturu hivi.

Jumatano, 5 Machi

Mama Kelvin katoka kanisani na majivu kwenye paji la uso. Siku ya kwanza ya Kwaresima. Tumefunga wote wawili.

Kazi ya asubuhi: nimeondoa lile faili, na kila mahali panapoomba meneja nimeandika jina lake. Sasa hata wakiwa kumi, seva haiwezi kukosea. Tukazima mashine. Yeye ndiye aliyebonyeza, akaangalia pembeni. Ikawaka. Nikaingiza kumbukumbu zote za kwenye flashi, nikapiga simu Masasi wahesabu. 312!

Kisha ukurasa wa rufaa ukagoma. Meneja hayupo kabisa, mahali pake patupu. Nusu saa nakuna kichwa. Kumbe pale kipande cha rufaa kinachomtumia meneja nilikiunda mwenyewe kwa mkono, badala ya kukiomba kwa seva. Nilichokiunda mimi seva haikijui, kwa hiyo haikichomekei kitu. Mstari mmoja nimeubadilisha. Ikaandika rufaa ya kwanza.

Wakati wa kuaga nikamwambia kosa lote lilikuwa langu. Nikamwambia na habari ya barua. Bahasha sikumpa.

"Kuna aliyekulazimisha kuniambia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi asante." Akanifungia korosho kwenye gazeti.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika maelezo ukurasa mmoja, nimeyapeleka kwa Mzee Gerson pamoja na bahasha, haijafunguliwa. Kasoma polepole. Kavua miwani.

"Kwa hiyo mama wa watu hana kosa."

"Hana. Ni mimi."

Akaichana barua vipande viwili. Akasema, "Mpigie. Nitamwomba radhi mwenyewe." Kuhusu mimi hajasema kitu bado. Lakini kifua changu ni chepesi, leo atakalosema nitalipokea.

Nimepiga, nimeiweka simu mezani, sauti juu. Mama Kelvin kapokea: "Stamili, subiri hapo, kuna mama kaletwa, anavuja damu." Simu kaiweka mahali, hakuikata. Tunasikia kila kitu. Gari la wagonjwa linakuja, hospitali wanauliza kundi la damu. Mtu anasema kadi imesahaulika nyumbani. Mama Kelvin anauliza jina. Bibiana. Wa Chiwata? Hapana, mwingine.

Vidole vyake kwenye kibodi. Pole pole, kidole kimoja kimoja.

Mzee Gerson kainama juu ya simu. Naandika ili mikono ipate kazi.

"Huyu hapa," anasema Mama Kelvin. "O hasi. Waambie O hasi." Sasa mlango, machela, watu wanapishana. Simu bado haijakatwa, na sisi hatuikati.