Waliponiachia Skrini

Jumanne, usiku

Kwa nini sikumwambia tu?

Banda la gemu la Abdi lilijaa leo. Kampuni moja ya kutengeneza gemu ilikuwa inaonyesha gemu zake mpya moja kwa moja mtandaoni, na katikati ya matangazo ikasikika adhana ya magharibi. Wote wakainuka kwenda msikitini. Mkristo ni mimi peke yangu pale, basi Abdi akaniachia skrini.

"Mwalimu, angalia kila kitu, halafu utuambie."

Nikabaki na viti vitupu. Na ndipo ikatokea, ile gemu ya vita tuliyoingoja miaka yote hii. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Kisha yakaja maandishi madogo chini: haitauzwa kwa CD, ni ya kupakua tu.

Abdi anakula kwa CD. Anazikodisha hapa Garissa, nyingine anazipakia kwenye basi hadi Dadaab na Takaba, kwa watu ambao mtandao wao unashindwa kufungua hata picha.

Waliporudi, bando ya intaneti ilikuwa imekwisha na matangazo yamekatika.

"Imetoka ama bado?"

"Imetoka."

Wakarukaruka, wakakumbatiana. Nilifungua mdomo niongeze lile jambo la pili, lakini Abdi alikuwa anacheka kama mtoto, na mimi...

Akanishika bega. "CD ya kwanza ikifika, wallahi, ni yako mwalimu. Wewe ndio umeona kwa niaba yetu."

Nikasema asante. Asante! Kesho akinunua bando ataona mwenyewe. Na atajua kwamba niliona.