Kanuni ya Tarakimu Tatu

Jumatatu, tarehe 4, saa moja asubuhi

Mwanangu,

Mhandisi amenipigia simu sasa hivi kuniambia kwamba bwawa lina maji ya mita moja. Mimi nimetoka kulipima. Yamefika mita kumi na sentimita nne.

Nimetanguliza habari kabla ya salamu. Usidhani uzee umenipokonya adabu. Hujambo? Kile kifua kimepona? Mimi mzima, ila magoti yananung'unika kila ninaposhuka ngazi za nguzo ya kupimia.

Nimetuma kipimo kama ulivyonifundisha: nafungua simu, naandika anwani ya ukurasa wako, na mwishoni naweka neno kina na idadi ya sentimita. Jana niliweka 998, ikaingia. Leo nimeweka 1004. Ukurasa umenijibu "Asante, kipimo kimepokelewa", kisha ukaandika 100. Nimerudia mara tatu, nikashukuriwa mara tatu. Mhandisi anasema ama nimekosea ama nguzo imeoza, na atamtuma fundi Jumatatu ijayo. Nimepima maji miaka thelathini na moja, sijawahi kupoteza mita tisa usingizini.

Kuna jingine. Ukurasa ukionyesha maji chini ya sentimita mia tatu, malango ya bwawa hujifunga yenyewe ili kuyahifadhi. Nimeyasikia yakijifunga. Mvua haijakatika tangu Alhamisi, na ukuta una mita kumi na mbili tu.

Baba yako

---

Jumatatu, tarehe 4, saa nne asubuhi

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, asante kwa kuniulizia. Pole na magoti.

Usinikasirikie kwa swali hili, maana ndilo mhandisi atakaloanza nalo: ulivaa miwani? Ukurasa huu umefanya kazi miaka miwili bila kosa. Naomba upige picha ya nguzo, maji yaonekane na namba zionekane. Nitaangalia upande wangu.

Binti yako

---

Jumatatu, tarehe 4, saa kumi alasiri

Marahaba mwanangu,

Miwani nilivaa. Hata nikiivua, najua kuhesabu mpaka nne. Picha hiyo hapo. Sasa ni 1029, na ukurasa wako unasema 102.

Nimempigia shangazi yako kule bondeni, nikamwambia afunge mizigo apande shuleni mlimani. Amenicheka. "Kaka, nimeufungua ukurasa kwenye simu. Maji mita moja, rangi ya kijani. Mtoto wetu ameandika kwa mkono wake, wewe unaniletea uvumi?" Amewaonyesha majirani pia. Wamerudi kulima.

Nimesikia mengi maishani, lakini kushindwa na binti yangu kwa jambo ambalo hata hakulisema yeye, hilo ni jipya.

Baba yako

---

Jumanne, tarehe 5, saa tano asubuhi

Shikamoo Baba,

Natumaini umeamka salama. Hukukosea. Nimekosea mimi.

Nilijaribu namba moja baada ya nyingine. 998 ilitoka 998. 999 ilitoka 999. 1000 ilitoka 100. Kompyuta huzisoma anwani kwa kanuni ninayoiandikia, na kanuni yangu ilisema: baada ya neno kina, chukua tarakimu tatu. Sikuweka alama moja mwishoni, ile inayoiambia kwamba anwani lazima iishie hapo. Ningeiweka, namba yako ingekataliwa na sote tungejua tangu jana. Badala yake ilichukua tarakimu tatu, ikaitupa ya nne, ikakushukuru. Mbaya zaidi, 100, halafu 102, halafu 106 ya leo asubuhi: mtu akizitazama anaona bwawa linalojaa taratibu, kama inavyotakiwa.

Nimeirekebisha. Nimeijaribu kwenye mashine yangu, imepita. Saa tisa inawekwa kwenye ukurasa wenyewe.

Nilikwenda kwa mhandisi na picha yako. Alisema malango hayafunguliwi kwa maneno ya baba na binti. Yanafunguliwa kwa kipimo kilicho kwenye ukurasa.

Binti yako

---

Jumatano, tarehe 6, saa moja asubuhi

Mwanangu,

Bado. Nimeweka 1137, umeandika 113. Kijani.

Usijilaumu peke yako. Mwaka juzi uliniuliza kama maji yamewahi kufika mita kumi, nikakujibu hayajawahi na hayatafika. Tarakimu tatu zilitoka kinywani mwangu.

Umeme hapa umekatika tangu jana jioni, kwa hiyo hata ukurasa ukipona, amri ya kutoka mjini haitayakuta malango yakiwa na nguvu ya kufunguka. Lakini juu ya ukuta kuna usukani wa zamani wa kuyafungua kwa mkono. Ulikuwa kazi ya watu wawili. Nimeupaka grisi. Nitapima tena saa tano, nitume, halafu nipande. Simu naiacha ndani, isilowe.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya hayajamwagika. Fanya haraka.

Baba yako

---

Jumatano, tarehe 6, saa kumi na moja jioni

Shikamoo Baba,

Kompyuta husoma kanuni kuanzia juu, na ya kwanza inayolingana na anwani ndiyo inayoshika. Za chini hazisomwi. Juu ya ile niliyorekebisha kulikuwa na nyingine, niliyoiandika siku ya majaribio, nayo ya tarakimu tatu. Kwenye mashine yangu nilishaifuta zamani. Kwenye ukurasa wenyewe ilibaki. Nimeifuta saa sita kasoro dakika kumi. Anwani uliyotuma saa tano ilikuwa imehifadhiwa nzima; nikaipitisha upya, kipimo kikatoka kamili: 1168. Ukurasa ukawa mwekundu.

Shangazi amepanda shuleni na kuku wake wote na majirani wote. Anasema nikuambie amekuomba radhi, na kwamba anataka kukuambia mwenyewe.

Mhandisi alituma amri ya kufungua malango saa sita na nusu. Malango hayakujibu. Saa nane shangazi aliona kutoka mlimani mto ukijaa ghafla na maji yakiwa ya udongo. Mhandisi anasema inaweza kuwa malango yamefunguliwa, inaweza kuwa ukuta umebomoka. Hakuna aliyeweza kufika. Barabara imezibwa, itafunguliwa kesho saa tatu, nami nitakuwa kwenye gari la kwanza.

Simu yako inaita. Nimepiga mara kumi na nne.

Kipimo kinachofuata ni kesho, Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi kama siku zote. Kanuni sasa inapokea tarakimu nne. Nitakuwa mbele ya ukurasa.

Binti yako