Upande Wako wa Mtumbwi

Alunguli, Kindu,
Tarehe 20 Julai 1978

Mpendwa Yaya Sumaili, kaka yangu mkubwa,

Pokea salaam kutoka ng'ambo hii ya Lualaba. Wewe na shemeji mu wazima huko Lubumbashi? Baridi yenu imepungua? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Mama anakula vizuri na anagomba vizuri zaidi, basi ujue ni mzima.

Mwenye habari ni mimi. Bega langu la kuume limenitesa tangu mvua zilizopita. Kuinua kasia tabu, hata kuvaa shati tabu. Nikadhani ni baridi ya maji. Mama alinisugua mawese na chumvi mpaka nikanuka kama sufuria, bure. Niliogopa, yaya. Mpiga kasia asiye na bega, watoto wake watakula nini?

Nikaenda hospitali kwa Mama Germaine, anayenyoosha viungo. Alinitazama mgongo, akaniuliza ninapiga kasia upande gani. Nikamwambia kuume tu, miaka sita, tangu ulipoondoka. Akasema: "Bega haiko mugonjwa. Misuli ya mbele imekaza sana, ya nyuma imelegea, njo maana mufupa unavutwa mbele. Ubadilishe upande." Ni kama nguzo ya banda iliyofungwa kamba upande mmoja: haikuoza, imevutwa tu. Sasa asubuhi na jioni ninavuta mpira wa baiskeli niliofunga mlangoni, ili misuli ya nyuma iamke. Aziza wangu anacheka.

Kubadilisha upande ndiko kulikonishinda. Unalijua neno la Mama: kushoto ni mahali pako, ulipokuwa ukipiga kasia nami, na akipakalia mwingine utasahau njia ya nyumbani. Nilipomweleza aligomba siku mbili. Kisha akasema: "Umuandikie kwanza. Akikubali, piga."

Sitakuficha. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, nilijaribu kabla ya jibu lako. Mtumbwi ulizunguka kama bata mlevi, abiria wakanicheka. Kumbe upande wako ndio unaopokea mkondo wote, na miaka yote ile hukusema! Nilitokwa na machozi, nikasingizia jua.

Niruhusu, yaya. Bega limeanza kutulia.

Aziza na watoto wanakusalimu, na mjomba Matata anauliza kama bado unajua kuogelea. Mungu akulinde kazini, akufungulie njia ya kurudi. Siku hiyo nitasogea kuume bila kuambiwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Bakari