Baba, Maji Yalikuwa Yanakwenda Wapi

Baba,

Gari lako limenichosha. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika, na kuna mambo ambayo lazima uyasikie.

Watu wengine wakikaribia kwenda huwaita watoto wao wakawaachia maneno ya kushika. Mtunzeni mama yenu. Msigombanie shamba. Wewe pale hospitalini ulinivuta mkono, nikainama, nikatega sikio, ukasema: "Nasimiyu, usiuze gari kabla hujajua maji yanakwenda wapi." Ukageukia ukutani ukalala. Asubuhi hukuamka. Nimeligeuza neno hilo kichwani mara nyingi nikitafuta kama lina maana nyingine ndani yake. Halina. Ulimaanisha maji ya rejeta, yale ya kupoza injini, ambayo miaka yote yalipungua bila mtu kuona yanakotokea.

Wekesa alipolisikia alicheka mpaka akafuta machozi, na sijui yalikuwa machozi ya kicheko au ya nini. Alikuwa tayari amepata mnunuzi wa Eldoret, mtu anayekusanya magari ya zamani, na alitaka mtu huyo alichukue gari mara tu tukimaliza matanga. "Ati maji? Si tumuuzie pamoja na maji yake," alisema. Nikamwambia angoje kidogo. Ndugu yangu huyo ananijua. Alijua kwamba nimeshajifunga, na kwamba nimefungwa na wewe.

Kwa hiyo gari likabaki Kibomet, Kitale, uani, pale pale ulipoliacha. Gari la watu wawili, la kijani, lililotengenezwa kabla sijazaliwa, fupi kiasi kwamba mbuzi wa jirani hulitazama kutoka juu. Ulilinunua ukiwa bado mpima ardhi wa serikali, na miaka yote ninayoikumbuka kiti cha pili kilibeba mtungi wa maji. Mama alikuwa ameacha kukaa pale. Mwisho wa mwezi mkienda nyumbani Bungoma, wewe ulipanda gari lako na Mama akapanda matatu, tena alifika kabla yako, kwa sababu wewe ulisimama Kiminini kuongeza maji, ukasimama Kamukuywa kuongeza tena. Mimi na Wekesa tulikuwa tukiliita gari hilo mke mdogo. Tuliamini Mama analichukia. Kila mtu aliamini hivyo.

Sasa nikueleze nilivyohangaika.

Kwanza nilitandaza maboksi chini ya injini jioni, nikitarajia asubuhi nione tone limeangukia wapi. Asubuhi maboksi yalikuwa makavu kama biskuti. Nikafungua kifuniko cha rejeta, maji yalikuwa yamepungua. Nikarudia. Makavu tena, yamepungua tena. Nikakukasirikia, Baba, nikiwa nimesimama uani na kanga na maboksi mkononi.

Nikalipeleka kwa fundi Barasa wa Matisi, yule uliyemwamini. Alisema ni rejeta, akaichomoa, akaichomelea. Maji yakapungua. Akasema ni mipira ya maji imezeeka, akabadilisha yote. Maji yakapungua. Akasema ni kifuniko, hakibani. Tukaweka kipya. Siku chache gari likatulia, nikaanza hata kukusamehe, kisha asubuhi moja ya baridi nikifika kwenye duka langu la dawa za mifugo sindano ya joto ikapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, na wateja wangu wakanunua dawa za ng'ombe huku wakiniuliza kama nimeanza kuuza chai.

Ndipo Barasa akapangusa mikono, akatoa hukumu. "Dada, hii sasa ni gasketi. Maji inaingia ndani ya injini inachomeka na mafuta. Lazima tufungue hedi, kichwa cha injini."

Unajua kazi yangu. Mkulima akija dukani akasema ng'ombe wake ana homa, simpi sindano kwa sababu ya neno lake. Namuuliza anakula, anacheua, kinyesi kikoje. Nikamwambia Barasa kabla hatujapasua tupime. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: oili safi, haina rangi ya maziwa. Nikawasha injini nikakaa nyuma kwenye bomba la moshi kama mtu anayengoja ugali uive: hakuna moshi mweupe, hata injini ilipopata moto. Akafungua plagi, zote rangi moja ya kahawia, hakuna iliyooshwa na maji. "Haya, maji imeingia wapi?" nikamuuliza. Alikuna kichwa. "Hii gari iko na maneno yake," akasema. Hilo lilikuwa neno lako pia. Mlikuwa mnalisema pamoja, nyinyi wawili, mkinywa soda, na mimi sasa ndiye ninayesukuma gari.

Nikaenda kwa Mzee Gurdip, rafiki yako wa duka la spea. Aliponiona alivua miwani, akainamia kaunta kidogo, kisha akaniambia niingie ndani ninywe chai. Hakusema pole. Alisema, "Baba yako alikuwa anakuja hapa kila Jumamosi kubishana na mimi. Sasa Jumamosi ni ndefu." Nilipomweleza shida akachukua pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, akafunga duka, akaja Kibomet mwenyewe.

Ile pampu inafungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Unasukuma hewa, maji yanabanwa kama vile injini ina moto, na penye tundu yatatoka. Mzee Gurdip alisukuma. Sindano ikapanda, ikasimama, kisha ikaanza kushuka, polepole, bila haya. Tukapiga magoti. Tukamulika tochi kwenye pampu ya maji, kwenye mipira mipya, chini, pembeni, nyuma ya injini. Barasa, ambaye nilimwita naye aje, alikuwa amelala chini ya gari. Hakuna tone. Sindano inashuka na hakuna tone. Mzee Gurdip akaketi juu ya ndoo akasema, "Beti, binti yangu, maji haipotei hivi hivi. Iko mahali."

Hapo Mama akatoka jikoni na birika. Akatutazama, watu wazima watatu wenye magoti ya udongo, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia, kwa ukali ambao hakustahili, kwamba tunatafuta maji ya Baba.

"Si yapo pale nilikuwa nakaa," akasema.

Nikamuuliza pale wapi.

"Kiti cha abiria. Chini kwa miguu. Kila mara nikipanda hiyo gari viatu vinalowa, na kuna harufu fulani tamu, inanipiga kichwa. Nilimwambia baba yako. Akasema ni mvua. Nikamwambia mara nyingine. Akasema ni mvua, Kitale inanyesha. Nikachoka kubishana na mvua. Nikapanda matatu."

Akamimina chai.

Baba, niliinua lile kapeti la upande wa abiria kwa mikono yangu. Lilikuwa zito kama taulo lililotoka kwenye beseni. Chini yake sakafu ilikuwa na kutu na maji ya kijani yenye dawa ya rejeta, na harufu ile tamu ikanijaa puani. Mzee Gurdip akaingiza mkono chini ya dashibodi, akagusa kisanduku cha hita, vidole vikatoka vimelowa. Hita, Baba. Ile rejeta ndogo inayopitisha maji ya moto ili watu wapate joto ndani ya gari. Ilikuwa imetoboka, na maji yalikuwa yakidondokea ndani, kwenye kapeti, badala ya nje barabarani ambako tungeyaona.

Ndiyo maana ulikuwa ukisema gari halipendi baridi. Kitale asubuhi unafungua hita, maji yanapita kwa nguvu, yanamwagika. Ukifika Bungoma kuna joto, unafunga, linatulia, unatuambia limefurahi kufika nyumbani. Na harufu hukuisikia kwa sababu uliendesha na dirisha lako wazi daima, kiwiko nje, hata mvua ikinyesha. Wewe ulipata hewa. Mama alipata yaliyobaki.

Nilikasirika. Nilisimama uani nikakusema kwa sauti mbele ya watu. Nikasema ulikuwa mtu wa kupima mashamba ya wilaya nzima mpaka inchi ya mwisho na hukuweza kumsikiliza mkeo aliyekaa kando yako. Nikasema miaka yote amebanwa kwenye matatu na vikapu vyake wakati jibu la gari lako analo yeye. Barasa alitazama viatu vyake.

Ni Mama aliyeninyamazisha, bila kutaka. Alikuwa amefungua mlango wa abiria ili kapeti lipate hewa, na alikuwa akipitisha kidole kwenye mpira wa mlango, ule unaozuia mvua. Akaenda upande wa dereva, akatazama mpira wa mlango wako. Akarudi. "Barasa, huu mpira ni nani aliuweka?"

Barasa akasema ni Mzee mwenyewe. Kila mvua zikikaribia alikuwa akija Matisi kuomba gundi, anabandika juu ya ule wa zamani, na hakutaka kusaidiwa.

Nikaangalia mimi pia. Upande wako mpira ulikuwa umekatika, unaning'inia, mtu angeweza kupitisha kidole gumba. Upande wa Mama kulikuwa na mpira juu ya mpira juu ya mpira, umebandikwa kwa uangalifu wako ule wa kalamu na rula. Ukingo wa kioo cha mbele, nusu ya Mama tu, ulikuwa umepakwa gundi nyeusi ya kuzuia maji. Mvua ilikuwa imezibwa kila mahali ambapo ingeweza kumfikia. Lakini haikuwa mvua.

Mama alikaa kwenye kile kiti, miguu nje, na kikombe mkononi. "Kumbe alisikia," akasema.

Sasa niambie nikufanyie nini, Baba. Nilikuwa na hasira nzuri, imepangika, ina ushahidi, na ukaiharibu. Ulimsikia, ukaamini jibu lako mwenyewe, ukapigana na mvua miaka mingi bila kumwambia hata neno moja, na yeye akakaa kwenye matatu akidhani hujali. Hilo linanikera kuliko kama usingejali. Mtu asiyejali tungemsema tukamaliza.

Mzee Gurdip aliitoa hita akaipeleka ikachomelewe, ikarudi, tukaipima kwa pampu. Sindano ikapanda ikasimama. Tuliingojea mpaka chai ikapoa. Wekesa nilimpigia simu, nikamwambia maji yamepatikana, anaweza kumwita mtu wake. Akaniuliza Mama anasemaje. Nilipomuuliza Mama akasema mtu wa Eldoret angoje, yeye ana safari.

Juzi nilimleta Bungoma kwa gari lako. Alivaa viatu vyake vya kanisani. Kiminini hatukusimama. Kamukuywa hatukusimama. Kabla ya Webuye aliniambia lori lililo mbele linakwenda kama mgonjwa, nilipite. Sikujua Mama ni mtu wa kusema hivyo. Labda wewe ulijua, zamani, kabla ya kapeti kulowa.

Tulipofika alikwenda kaburini kwako peke yake, lakini upepo ulikuwa ukija upande wangu. Hakuomba, hakulia. Alikusemesha kama mtu aliye chumba cha pili. "Si ungeniambia tu," akasema. "Ungesema tu, nazibaziba hapa, sijui ni wapi. Ningekushikia tochi." Kisha akang'oa majani yaliyoota pembeni, akarudi, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Basi pumzika, Baba. Bado nimekukasirikia, na nadhani nitakukasirikia muda mrefu, uvumilie. Gari tutaamua, Mama ataamua. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Tukiwa njiani Mama akisema kuna kitu, hata kidogo, hata kama ninajua jibu, nitaegesha kando ya barabara, nizime injini, nimgeukie.

Mwanao,
Nasimiyu