Waraka wa Bara katika Skuli Yetu

Mjukuu wangu Salma,

Usicheke kuitwa mjukuu na mtoto wa kidato cha tatu. Mama yako ananiita shangazi, basi mimi ni bibi yako. Hapa Shangani hatujambo, na mama kapona homa.

Umeniuliza kama ukihamia Unguja kutoka Dar utakuta sheria zile zile za skuli. Sivyo. Mwaka jana rafiki yangu Zuhura alijifungua, kisha akataka kurudi darasani. Mwalimu mkuu msaidizi akamwonesha waraka.

"Sheria imekataa, mwanangu. Nenda kalee."

Zuhura akalia. Mimi niliyemsindikiza, ninayeona haya hata kuitika jina darasani, nikausoma ule waraka. Ulikuwa wa zamani, tena wa Bara.

"Samahani, mwalimu, skuli zetu si zina sheria ya Zanzibar?"

"Umekuwa wakili tangu lini?"

"Naomba tu kuiona."

Akaitoa kabatini, akaisoma; inamruhusu aliyejifungua kurudi skuli. Jumatatu Zuhura alikuwa darasani. Mwalimu alisema alikosea karatasi, lakini nilimwona akiurudisha ule waraka drooni, juu kabisa ya karatasi nyingine. Sijui anamwekea nani mwingine.

Ukija, ukaambiwa sheria imekataa, omba uisome.

Bibi yako mdogo,
Asya